GPS kwa msafiri asiyeona: namna ya kujichorea ramani yako mwenyewe

"Umefika," inasema sauti, nawe umesimama mbele ya ukuta wa matofali. Mlango hakuna, mtu hakuna. Kuliani jenereta inanguruma, na harufu ya mihogo ya kukaanga inakujia usijue inatoka upande gani. Kila asiyeona aliyewahi kuifuata GPS, mfumo wa kujua ulipo kwa ishara za setilaiti, mitaani Dar es Salaam anaujua ukuta huo.

Programu haijakudanganya. Ramani inalijua jengo kama nukta moja, mara nyingi katikati ya paa, kisha inakupeleka kwenye barabara iliyo karibu zaidi na nukta hiyo. Barabara ikiwa nyuma ya jengo, utafikishwa nyuma ya jengo. Anayeona atainua macho, ataliona geti, atazunguka, wala hatakumbuka kama kulikuwa na tatizo. Sisi hapo ndipo safari inapoanza upya.

Kwa hiyo tukubaliane mapema: GPS inakuleta mtaani. Mlangoni unafikishwa na fimbo, masikio, pua, mdomo wako, pamoja na alama, yaani mahali ulipopahifadhi kwa jina wewe mwenyewe ndani ya kifaa. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu ya hizo alama.

Hatua ya 1: Fimbo kabla ya setilaiti

Kama bado unatembea kwa kushikwa mkono na hujafundishwa fimbo nyeupe, GPS isubiri. Setilaiti iko juu kilomita zipatazo 20,200. Mtaro uliofunguliwa jana haiujui, wala meza ya machinga, wala bodaboda iliyopanda njia ya waenda kwa miguu ikija kinyume. Mimi nilitumbukia mtaroni mwezi wangu wa kwanza na simu, nikiwa nasikiliza mita zilizobaki badala ya kusikiliza fimbo. Goti lilipona kwa wiki mbili. Aibu ilichukua muda zaidi.

Na setilaiti hazikuoni wewe, tofauti na wengi wanavyodhani. Zinatangaza saa na mahali zilipo. Kifaa chako kinasikiliza angalau nne, kinapiga hesabu, kinajua kilipo. Kusikiliza huko hakuli bando hata kidogo. Bando linaliwa na ramani inayopakuliwa njiani.

Hatua ya 2: Kuchagua kifaa

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kifaa maalumu cha wasioona, kama Victor Reader Trek na Stellar Trek vya kampuni ya HumanWare ya Canada. Kina vitufe vya kubonyeza, kinazungumza chenyewe, unakitumia kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika fimbo, na chaji yake haimalizwi na makundi ya WhatsApp. Lakini bei yake ni kubwa, na ramani huja kwa nchi au kwa eneo. Kabla hujalipa, au kabla ndugu aliye ughaibuni hajakununulia, uliza swali moja: ramani ya Tanzania ipo? Jibu likiwa hapana, bado kifaa kinaweza kukufaa, kwa sababu Trek hurekodi alama zako na njia uliyopita hata pasipokuwa na ramani. Ila ujue mapema kwamba hicho ndicho unachokinunua.

Ya pili ni simu janja, na kwa wengi wetu ndiyo iliyopo. Unawasha kisomaji cha skrini, kinachokusomea kwa sauti kilichopo kwenye kioo: kwenye Android ni TalkBack, kwenye iPhone ni VoiceOver, kisha unaweka programu mbili au tatu, kila moja kwa kazi yake:

Google Maps inajua biashara nyingi na hutafuta vizuri. Ina kasoro moja ambayo wengi huigundua wakiwa wameshakwama barabarani: ukipakua eneo la kutumia bila intaneti, inatoa maelekezo ya gari tu, ya kutembea hapana. Bando likikata, maelekezo ya miguu nayo yamekatika.

OsmAnd na Organic Maps hutumia ramani huria ya OpenStreetMap, unaipakua nchi nzima ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha unatembea bila intaneti. Kwa Dar es Salaam ramani hii ni tajiri kuliko unavyotegemea. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatoa wanafunzi na wakazi wakachora mitaa inayokumbwa na mafuriko, vichochoro na mitaro ikiwemo. Waliichora kwa ajili ya maji ya mvua. Sisi tunaifaidi kwa miguu.

Lazarillo kwenye simu zote mbili, na BlindSquare kwenye iPhone, ni za wasioona hasa: unatembea, zenyewe zinakutajia vilivyo karibu. Microsoft nayo ilikuwa na Soundscape, iliyofanya sauti isikike kana kwamba inatoka upande wa mahali unapokwenda. Ilizimwa 2023, msimbo wake ukaachwa huru, na wengine wakauendeleza. VoiceVista ya iPhone ni mmoja wa watoto wake. Waliokuwa wamehifadhi alama zao zote humo tu walipata somo ambalo nitalirudia mwishoni.

Swali la programu ipi ni bora sina hamu nalo. Bora ni ile unayoweza kuitumia mvua inanyesha, mkono mmoja una fimbo, na konda anakuharakisha.

Hatua ya 3: Maandalizi ya nyumbani

Yafanye umekaa kitini.

Sauti kwanza. Injini ya sauti ya Google inasoma Kiswahili, na eSpeak NG, ambayo ni ya bure, inasoma pia ingawa kwa sauti ya bati. Ukiiacha ya Kiingereza, Mwananyamala itakuwa neno usilowahi kulisikia.

Mita, si futi. Simu nyingine huja na vipimo vya Marekani.

Halafu mwelekeo, na hapa msemaji wa Kiswahili ana mtego wake peke yake. Programu nyingi za wasioona hutumia uso wa saa: mbele yako ni 12, kulia 3, nyuma 6, kushoto 9. Lakini kwetu mshale mfupi ukigusa 3 tunasema saa tisa, na ukigusa 9 tunasema saa tatu. Sasa mtu akikuambia "duka lipo saa tatu", unageukia wapi? Mimi na rafiki yangu tuliwahi kutafutana robo saa nzima, kila mmoja na saa yake. Kama programu inakuruhusu kuchagua, weka kulia na kushoto. Kama hairuhusu, sema namba bila neno saa: "kwenye tatu", "kwenye tisa", na mkubaliane na wenzako kwamba ni namba iliyoandikwa kwenye saa ya ukutani.

Usikilizaji: usizibe masikio yote mawili. Visikizi vinavyokaa kwenye mfupa mbele ya sikio na kuacha tundu wazi ndivyo bora. Kama huna, tumia kimoja tu, kwenye sikio lililo upande wa kuta, lile la upande wa magari libaki huru. Simu ikae mfuko wa kifuani au ining'inie shingoni kwa kamba imara. Mfuko wa nyuma wa suruali unaifunika kwa mwili, na mkononi inawaita vibaka wa pikipiki. Skrini iwe giza. Pawabenki ndani ya begi.

Hatua ya 4: Uwanja wa mpira

Usianzie barabarani. Nenda kiwanja cha mpira cha mtaani kwenu asubuhi vijana hawajafika. Anga iko wazi, magari hakuna, na magoli yameachana takribani mita 100. Nenda na mtu mmoja anayeona, akae pembeni, anyamaze.

Simama kwenye mwamba wa goli la kwanza, subiri dakika moja, hifadhi alama: "goli kaskazini". Tembea hadi goli la pili ukihesabu hatua, hifadhi "goli kusini". Sasa unajua hatua zako mia moja ni mita ngapi, na utaihitaji hesabu hiyo maisha yako yote. Kisha geuka, mwambie kifaa kikurudishe goli la kwanza. Sikiliza kitakapokwambia umefika, simama hapo hapo, utafute mwamba kwa fimbo. Umbali uliobaki ndio kosa la kifaa chako. Rudia mara kumi. Penye anga wazi simu nzuri hukosea kama mita 5, wakati mwingine chini ya hapo, wakati mwingine zaidi.

Mita 5 si jambo la kuchekea. Ni upana unaokaribia njia mbili za magari. Simu inaweza kuamini uko upande wa pili wa barabara ambayo hujaivuka. Hata hivyo wazee wetu waliipata mbaya zaidi: hadi Mei 2000 jeshi la Marekani lilikuwa linaivuruga ishara ya raia kwa makusudi, kosa likafika hata mita 100. Vifaa vya kwanza vya wasioona vilizaliwa katika hali hiyo.

Jifunze pia hapo kiwanjani kwamba ukisimama, GPS haijui umetazama wapi. Inaujua mwelekeo kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo. Simu hujazia kwa dira ya ndani, na dira hiyo huchanganywa na chuma: gari, nguzo, kava la simu lenye sumaku. Ikikupa mwelekeo wa ajabu, vua kava, chora namba nane hewani na simu mara kadhaa, kisha tembea hatua kumi mbele kabla hujaiamini.

Hatua ya 5: Alama zako

Enzi za Nokia za vitufe palikuwa na programu ya bure iliyoitwa Loadstone, iliyotengenezwa na wasioona wenyewe. Ramani haikuwa nayo kabisa. Ulikuwa unasimama mahali, unahifadhi nukta, unaipa jina. Kesho yake inakuambia iko umbali gani na upande gani. Watu wakawa wanabadilishana nukta zao. Mpaka leo sijaona wazo linalotufaa zaidi, sisi tunaoishi kwenye miji ambayo nyumba huitwa "kwa" fulani. Ni kweli, tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 mitaa mingi ina vibao na nyumba zina namba. Lakini muulize mtu njia Sinza: atakuelekeza kwa jina la Kwa Remmy, na mwanamuziki mwenyewe, Remmy Ongala, alifariki 2010. Ramani ya watu na ramani ya serikali zitaishi pamoja muda mrefu, nawe unahitaji ya tatu, yako.

Namna ya kuweka alama: simama palepale unapotaka, kifaa kikiwa wazi, si mfukoni. Tulia dakika nzima bila kutembea. OsmAnd na nyingine huonyesha kadirio la kosa kwa mita; subiri lishuke hadi 5 au chini. Hifadhi. Rudi siku nyingine, saa nyingine, hifadhi tena. Alama mbili zikiwa zimeachana mita 3, futa moja. Zikiwa zimeachana mita 15, mahali hapo hapaaminiki, pengine kwa sababu ya ghorofa zinazorudisha ishara kama ukuta unavyorudisha mwangwi. Kariakoo na Posta pamejaa sehemu za namna hiyo. Hapo andika ndani ya jina: "hovyo".

Wapi pa kuweka? Wanaoanza huweka mlangoni. Weka pale unapotakiwa kuamua. Safari yangu ya kutoka nyumbani hadi kituo cha mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) cha Shekilango ina alama sita, na mlangoni kwangu hakuna hata moja, kwangu napajua. Ya kwanza iko kichochoro kinapokutana na lami. Ya pili ni mita 20 kabla ya gereji ambayo kila siku ina gari lililozuia njia, ili nihamie upande wa pili mapema. Ya tatu, kalvati isiyo na mfuniko. Ya nne, msikiti, ambao nauthibitisha kwa mlio wa mabomba ya kutawadhia. Ya tano, mita 10 kabla ya Barabara ya Morogoro. Ya sita, njia ya kuingilia kituoni, ambacho kiko katikati ya barabara.

Tazama ile ya tano. Haiko ukingoni mwa barabara, iko kabla. Kazi yake ni kuniambia ninyamazishe kifaa. Barabara haivukwi kwa GPS, hata siku moja. Unasimama, unasikiliza, unavuka penye zebra au na mtu, ukifika ng'ambo ndipo unairudishia sauti.

Majina yawe mafupi, neno la maana litangulie. "Kalvati, shika kushoto" ni jina zuri. "Mahali pale karibu na kalvati" ni baya, maana utakuwa umeshaikanyaga kabla sauti haijamaliza. Weka pia kile utakachokigusa au kukisikia: "Duka la dawa, ngazi mbili, feni." Feni hiyo ndiyo itakayokuthibitishia kwamba mita 5 zilizobaki ni za mbele, si za nyuma.

Hatua ya 6: Ndani ya gari

Kaa dirishani. Katikati ya daladala, watu wamesimama juu yako na paa la bati kichwani, ishara inafifia.

Piga hesabu ya mwendo. Daladala ikienda kilomita 40 kwa saa inakula mita 11 kila sekunde. Alama iliyowekwa kituoni hasa itatangazwa wakati kituo kinakupita. Kwa hiyo weka alama ya tahadhari mita 400 kabla: una sekunde kama 35 za kusikia, kusimama, kushika fimbo na kuita "Shusha!" Kwenye foleni zitakuwa dakika kumi, hakuna neno.

Mwendokasi ni rahisi zaidi kwa sababu vituo havihami na gari halikatizi vichochoroni. Kutoka Shekilango kwenda Kivukoni mimi nimeweka alama Urafiki, Magomeni Mapipa, Jangwani na Fire, si kwa ajili ya kushuka bali kama shanga za tasbihi: kila moja ikipita najua niko njiani. Masika, Jangwani ikifurika, mabasi hubadilishiwa njia na shanga inayofuata haiji. Hapo unauliza mapema badala ya kushtukia uko kusikojulikana. Na Kivukoni kwenyewe, pua ina kazi pia: soko la samaki la Feri halihitaji setilaiti.

Safari ya mkoani kwa basi, pakua ramani kabla, halafu washa mara moja kila saa tu. Kama kifaa hakijawashwa siku nyingi na hakina intaneti, kinaweza kuchukua dakika kadhaa kujitambua. Usikihukumu kibovu, kiweke dirishani kisubiri.

Bodaboda, bajaji na gari la kuita kwa programu: dereva akipiga simu kuuliza "uko wapi?", usihangaike kueleza. Mtumie lokesheni kwa WhatsApp, au umsomee msimbo wa Google Maps ule wa herufi na namba pamoja na jina la eneo. Kisha sikiliza simu yako mwenyewe wakati unapelekwa. Ikianza kusema unaachana na njia, sema kwa sauti ya kawaida: "Kaka, tunapitia wapi leo?" Mara nyingi ni foleni anaikwepa. Lakini ameshajua kwamba unajua. Usiku mtumie mtu wa nyumbani lokesheni ya moja kwa moja; WhatsApp ina ya dakika 15, ya saa moja na ya saa nane.

Ukipotea

Simama. Kuendelea kutembea kunaharibu kumbukumbu ya ulikotoka. Sogea ukutani, nje ya njia ya watu, vuta kifaa kipate anga wazi, kipe dakika. Uliza alama iliyo karibu kuliko zote, si unakokwenda. Ukishajua kwamba kalvati iko mita 60 nyuma yako, umerudi kwenye dunia unayoijua.

Kisha mdomo. "Jamani niko wapi?" inamwita msamaria na kibaka kwa pamoja. Mimi huuliza kama anayehakikisha: "Shikamoo mama, hapa mbele ndiyo barabara ya Shekilango?" Akisema hapana, atakuelekeza mwenyewe. Atakayekukamata mkono akaanza kukuvuta, mwambie kwa upole: "Ahsante, naomba nikushike mimi," umshike juu kidogo ya kiwiko, utembee nusu hatua nyuma yake. Na kabla hajaondoka, bonyeza, hifadhi alama pale mlipoachana. Kesho hutamhitaji.

Lililobaki ni lile somo la Soundscape. Programu hufa na simu huibiwa. OsmAnd na nyingi nyingine hutoa alama zako zote kama faili la GPX. Mimi kila Jumapili usiku najitumia faili hilo kwa barua pepe, na nakala moja anayo dada yangu, ambaye hajawahi kuifungua. Simu yangu iliyopita ilinyakuliwa nikiwa kituoni. Jioni ile ile niliazima simu nyingine, nikaweka faili, na asubuhi ikaniambia: "Kalvati, shika kushoto."